Pampu ya sukuma wiki na bodi iliyojizima: uchambuzi wa kisa kimoja cha waya

Mradi wenyewe ni mdogo. Kwenye roshani ya gorofa ya tatu mtaani Umoja, Nairobi, kuna magunia mawili ya sukuma wiki. Mwenye mradi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye hakuwa amewahi kuunganisha saketi yoyote. Alitaka magunia hayo yapate maji yenyewe udongo ukikauka, na pawe na kitufe cha kumwagilia wakati wowote anapotaka. Vifaa alivinunua kwa siku moja kwenye maduka ya Luthuli Avenue: bodi ya Arduino Uno (kompyuta ndogo ya kuendeshea saketi) ya nakala yenye chipu ya CH340 ya kuwasiliana na laptopu, bredibodi (ubao wa kuchomeka waya bila kuchomelea) ndefu ya matundu 830, sensa ya unyevu wa udongo ya aina ya kapasita, moduli ya rilei moja (swichi inayowashwa kwa umeme) ya volti 5, pampu ndogo ya kuzamishwa majini ya volti 3 hadi 6, kitufe cha miguu minne, pakiti ya rizista (vipunguza mkondo) za mchanganyiko na shada la waya za jampa za kuunganishia.

Programu iliingia kwenye bodi bila tatizo. Shida zilianza baada ya hapo, na zilikuwa tatu. Namba za unyevu zilirukaruka kati ya 200 na 800 ilhali gunia halijaguswa. Pampu iliwaka mkono ukikaribia kitufe, hata kabla ya kukibonyeza. Na kila pampu ilipowaka, bodi ilijizima na kuanza upya, na laptopu ikatoa ule mlio wake wa kebo ya USB kuchomolewa.

Kwa wiki nzima mwenye mradi alirekebisha programu. Aliiandika upya mara tatu, kisha akanunua sensa ya pili. Hakuna kilichobadilika. Hapo ndipo alipomwita fundi wa redio na simu anayefanya kazi kwenye ploti ya jirani, naye akaja na multimita yake, kifaa cha kupimia umeme.

Jambo la kwanza ambalo fundi aliuliza halikuhusu programu. Aliuliza kama shida hubadilika waya zikiguswa. Jibu lilikuwa ndiyo. Kwa mradi wa kiwango hiki, swali hilo linaokoa siku nyingi. Programu yenye kosa kwa kawaida hukosea vilevile kila mara, uwe umekaa mbali au karibu. Kosa linalobadilika ukisogeza mkono, ukiinua bredibodi au ukikunja waya, litafute kwenye waya.

Bodi kwanza, peke yake

Kebo ya USB ilichomolewa, kisha kila waya iliyoingia kwenye bodi ikatolewa, baada ya kupiga picha mbili za mpangilio ulivyokuwa. Bodi tupu ikawekewa programu ya Blink, ile ya kuwasha na kuzima taa ya pini 13. Taa ikawaka sekunde moja, ikazima sekunde moja. Bodi ni nzima, kebo ni nzima, na chipu ya CH340 inawasiliana na laptopu. Kazi hiyo ni ya dakika tano, na inaondoa nusu ya mashaka mezani.

Kisha waya zikarudishwa, lakini pampu na moduli ya rilei zikaachwa kando. Usirudishe kila kitu kwa pamoja. Ukirudisha vifaa vitano na shida ikarudi, utakuwa hujui chochote zaidi ya ulichokijua mwanzo.

Volti zilizofia njiani

Multimita iliwekwa kwenye volti za DC (umeme wa upande mmoja), kiwango cha 20. Waya nyeusi kwenye tundu la COM, nyekundu kwenye tundu la volti na omu. Hakikisha nyekundu haiko kwenye tundu la 10A, kwa sababu hapo multimita yenyewe inakuwa njia fupi ya umeme, na ukigusa 5V (chanya) na GND (hasi) za bodi utaziunganisha moja kwa moja.

Kwenye pini za bodi, kati ya 5V na GND: volti 4.93. Mwanzoni mwa reli nyekundu na ya buluu za bredibodi, yaani safu ndefu za matundu za kugawia umeme: 4.93. Mwenye mradi alikuwa amepima hapo hapo siku zilizopita, akaridhika kwamba umeme upo. Fundi akapeleka ncha kwenye miguu ya sensa yenyewe, VCC (chanya yake) na GND. Multimita ikasoma 0.02.

Tazama bredibodi ya namna hii kwa karibu. Mstari mwekundu uliochorwa kandokando ya reli hautoki mwisho mmoja hadi mwingine. Katikati, karibu na safu ya 30, umeachwa pengo la upana wa kidole kidogo. Chini ya plastiki, bati la reli limekatika hapo hapo. Nusu ya kushoto na nusu ya kulia ni reli mbili zisizojuana. Si bredibodi zote ndefu ziko hivyo. Nyingine zimeunganishwa moja kwa moja, na zipo zinazochorwa mstari mzima ilhali bati limekatika, kwa hiyo mchoro si ushahidi. Ushahidi ni multimita: zima umeme, weka kwenye alama ya mlio, ncha moja kwenye tundu la mwanzo wa reli na nyingine kwenye tundu la mwisho. Ikilia, reli ni moja. Ikinyamaza, ni mbili.

Waya za 5V na GND kutoka kwenye bodi zilikuwa zimeingia nusu ya kushoto. Sensa ilikuwa nusu ya kulia. Haikuwahi kupata umeme hata siku moja.

Hapa mwanzilishi huuliza: kama sensa haikuwa na umeme, zile namba zilitoka wapi? Pini ya A0, ambayo bodi husomea sensa, haina namna ya kusema kwamba haijapata jibu. Kila inapoulizwa lazima itoe namba kati ya 0 na 1023. Isiposhikiliwa na chochote, inaokota mawimbi ya umeme yaliyo hewani, hasa yale ya nyaya za stima ukutani yanayotetema mara 50 kwa sekunde, na kuyageuza kuwa namba. Namba inayorukaruka kwa upana mkubwa bila sababu mara nyingi ni pini inayoelea, na kununua sensa mpya hakuisaidii.

Waya mbili fupi zikawekwa juu ya pengo: nyekundu kwa nyekundu, buluu kwa buluu. Sensa ikapata volti 4.91. Namba zikatulia: karibu 590 ikiwa hewani, karibu 280 ikiwa kwenye glasi ya maji hadi ulipo mstari wake. Sensa ya kwanza, ile iliyotupwa kwenye droo, ilipojaribiwa ikatoa namba za karibu hizo hizo. Angalia pia kwamba namba hushuka unyevu ukizidi. Programu iliandikwa kana kwamba hupanda, ikawa inaagiza maji udongo ukiwa umelowa. Alama ya < ikageuzwa kuwa >, na hilo ndilo kosa pekee la programu lililohusu sensa.

Kosa la pili lililokuwa limelala

Baada ya pengo kuzibwa, mwenye mradi alibonyeza kitufe. Bodi ikazima na kuwaka upya. Pampu na rilei zilikuwa bado mezani, hazijaunganishwa na chochote.

"Fundi, ilikuwa inaanza kupona, sasa tumeiharibu."

"Hatujaiharibu, dada. Kuna kitu kilikuwa hakijaunganishwa, sasa kimeunganishwa. Tukitafute hicho."

Mantiki hiyo ndiyo kiini cha kisa hiki. Kosa moja likitengenezwa na dalili mpya ikatokea, wengi hurudisha mambo yalivyokuwa. Ukifanya hivyo unalifukia kosa la pili ambalo ndilo kwanza limejitokeza. Dalili mpya inakuelekeza mahali: iko upande uliokuwa umekufa, ule uliopata umeme sasa hivi.

Kitufe kilikuwa katikati ya bredibodi. Mguu mmoja ulipata 5V kutoka reli nyekundu ya kushoto, iliyokuwa hai. Mguu wa upande wa pili wa swichi uliingia pini ya 2, na kutoka hapo rizista ilishuka hadi reli ya buluu ya kulia, iliyokuwa mfu. Kazi ya rizista hiyo ni kuishikilia pini ya 2 kwenye sifuri wakati kitufe hakijabonyezwa. Kwa kuwa reli yake haikufika GND, pini ilikuwa inaelea kama A0, na ndiyo maana mkono ulipokaribia tu programu ilidhani kitufe kimebonyezwa. Dalili ya pili imepata maelezo yake.

Sasa rizista imefika GND. Kitufe kikibonyezwa, umeme unapita kutoka 5V, kwenye kitufe, kwenye rizista, hadi GND. Kwa rizista ya omu 10,000, mkondo huo ni nusu ya miliampea, kitu kidogo mno. Lakini fundi alipoigusa rizista baada ya kubonyeza mara mbili, ilikuwa moto.

Ilichomolewa mguu mmoja, kwa sababu rizista ikipimwa ikiwa bado kwenye saketi, multimita husoma na vitu vingine vilivyo sambamba nayo. Kwenye kiwango cha 20k ilisoma 0.01. Kwenye kiwango cha 200 ilisoma 10.2. Ni omu 10. Hesabu ni fupi: volti 5 kugawanya kwa omu 10 ni ampea 0.5, na nguvu yake ni wati 2.5 kwenye rizista iliyotengenezwa kubeba robo wati. Fyuzi ya kujirudisha iliyo kwenye mlango wa USB wa Uno ni ya miliampea 500, na USB ya kawaida ya laptopu hutoa kiasi hicho hicho. Ukiongeza mahitaji ya bodi yenyewe, umevuka mpaka. Volti zinaporomoka, na chipu inajianzisha upya.

Ilifikaje hapo? Rizista za mwili wa buluu zina mistari mitano. Ya 10k ni kahawia, nyeusi, nyeusi, nyekundu, kahawia. Ya omu 10 ni kahawia, nyeusi, nyeusi, dhahabu, kahawia. Tofauti ni mstari mmoja, na juu ya rangi ya buluu, usiku, chini ya balbu ya rangi ya manjano, dhahabu na nyekundu hufanana kabisa. Kwenye pakiti za mchanganyiko, kusoma rangi kwa macho ni kubahatisha. Pima kila rizista kwa multimita kabla haijaingia kwenye tundu. Ni sekunde kumi kwa kila moja.

Mwishowe rizista hiyo haikurudishwa kabisa. Chipu ya ATmega328P, ile kuu ya Uno, ina rizista zake za ndani, za kilo-omu 20 hadi 50, zinazovuta pini kuelekea 5V. Kitufe kikawekwa kati ya pini ya 2 na GND, na kwenye programu ikaandikwa pinMode(2, INPUT_PULLUP). Usomaji unageuka: kitufe kikibonyezwa ni LOW (sifuri), kikiachwa ni HIGH (volti 5). Rizista imepungua moja, waya imepungua moja, na kosa la namna ile haliwezi kurudi.

Kuhusu kitufe chenyewe, neno moja. Miguu yake minne imeunganishwa kwa ndani jozi kwa jozi. Kikiwa kimekalia mfereji wa bredibodi, miguu inayotazamana ng'ambo na ng'ambo ya mfereji ni kitu kimoja daima, na swichi iko kati ya miguu miwili ya upande mmoja. Kikizungushwa robo mzunguko, utapata kitufe kilichobonyezwa milele. Tumia miguu ya kona kwa kona, na hutakosea hata kikizungushwa.

Pampu

Ilibaki dalili ya tatu. Rilei na pampu zikarudishwa jinsi zilivyokuwa: pampu ikila 5V ya bodi kupitia rilei. Programu ikaiwasha, bodi ikazima.

Pampu za aina hii huandikwa miliampea 120 hadi 220, lakini hiyo ni ikiwa tayari inazunguka. Mota ikiwa imesimama ni waya iliyosokotwa tu. Multimita ilisoma karibu omu 6 kwenye waya zake mbili. Volti 5 kwa omu 6 ni zaidi ya ampea 0.8 kwa muda mfupi wa kuanza. Koili ya ndani ya rilei, inayovuta swichi yake, inahitaji miliampea 70 hivi, na bodi karibu 50. USB ya miliampea 500 haiwezi. Multimita ya kawaida ilionyesha 5V ya bodi ikishuka hadi 4.2 tu, na mwenye mradi akadhani hiyo si mbaya. Lakini multimita husoma mara mbili au tatu kwa sekunde, na mshuko wenyewe ni wa kufumba na kufumbua. Chipu ya Uno hujizima volti zikifika 2.7. Kwa hiyo usiutegemee usomaji wa multimita kwa jambo linalotokea haraka. Tegemea hesabu.

Chaja ya simu ya ampea 2 ilijaribiwa badala ya laptopu, ikilisha bodi na pampu kwa njia ile ile. Bodi ilizima mara moja katika kila kuwasha mara tano. Kwa nini, ilhali chaja inatosha? Pampu ikiwa inazunguka, ncha moja ya multimita iliwekwa mwanzo wa waya ya jampa inayobeba GND, na nyingine mwisho wa waya hiyo hiyo. Ilisoma volti 0.3. Waya nzuri husoma karibu na sifuri. Jampa nyingi za bei nafuu zina nyuzi chache sana ndani, na klipu za bredibodi huongeza upinzani wake. Kipimo hiki cha waya dhidi ya nafsi yake ni cha thamani kubwa, na wanaoanza hawakijui.

Suluhisho lilikuwa kumtenganisha mlaji mkubwa. Kebo ya zamani ya USB, ya kuchomeka kwenye chaja, ilikatwa. Nyekundu ni chanya na nyeusi ni hasi kwa kawaida, lakini zilipimwa kwanza maana kebo nyingine hazifuati rangi. Ile ya kijani na nyeupe zikafungwa utepe. Chanya ya chaja ikaenda kwenye skrubu ya COM ya rilei (mguu wa kuingilia wa swichi yake), NO (mguu unaounganishwa nayo rilei ikiwaka) ikaenda kwenye waya nyekundu ya pampu, na nyeusi ya pampu ikarudi kwenye hasi ya chaja. Hakuna hata waya moja ya pampu iliyopita kwenye bredibodi. Bodi ikabaki na chanzo chake chenyewe. Kwa kuwa swichi ya rilei haigusani na koili yake, GND za pande hizi mbili hazikuhitaji kuunganishwa. Ungetumia transista au MOSFET (swichi za elektroniki) badala ya rilei, lazima uziunganishe, la sivyo haitawaka au itawaka nusunusu.

Kwenye waya za pampu ikafungwa dayodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ya 1N4007, upande wenye mstari ukielekea nyekundu, kumeza mshtuko wa umeme mota inapozimwa, pamoja na kapasita ndogo ya nanofaradi 100. Dayodi ikigeuzwa, inaunganisha chanya na hasi, na chaja itazima. Moduli hii ya rilei huwashwa na LOW, kwa hiyo kwenye setup(), sehemu ya programu inayotangulia, pini ya 7 inayoiagiza rilei iliandikiwa digitalWrite(7, HIGH) kabla ya pinMode(7, OUTPUT), ili pampu isipige maji kila bodi inapoanza.

Kwa anayefikiria kuweka pampu ya volti 240 kwenye rilei hiyo hiyo: hiyo si kazi ya mezani ya anayeanza. Inahitaji boksi lililofungwa na mtu mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati na petroli nchini Kenya. Usiilete kabisa karibu na bredibodi na maji.

Yaliyobaki

Jioni ya pili namba ya sensa ilirukaruka tena, kisha ikatulia yenyewe. Waya ya A0 ilipimwa kwa mlio huku ikikunjwa karibu na kichwa chake cheusi, mlio ukakatika na kurudi. Uzi ulikuwa umevunjika ndani ya plastiki. Ilikatwa vipande viwili kabla ya kutupwa, isije ikarudi kwenye shada na kumsumbua mtu mwezi ujao. Sehemu ya juu ya sensa, yenye vijidude vya elektroniki, ikapakwa rangi ya kucha tabaka mbili, kwa sababu mvua ya roshani ikifika hapo namba zitaharibika tena.

Kisha ikaja simu ya mwisho: rilei imezima, lakini maji bado yanaingia kwenye gunia. Mwenye mradi alidhani swichi ya rilei imegandana, jambo ambalo hutokea. Safari hii alipima mwenyewe kabla ya kugusa kitu. Kwenye waya za pampu, volti 0.00. Pampu haikuwa na umeme, na maji yalikuwa yanatiririka. Dumu lilikuwa juu ya stuli, na mdomo wa mpira ulikuwa chini kuliko maji yaliyo ndani yake, kwa hiyo mpira ukishajaa uliendelea kuyavuta maji bila pampu. Dumu likashushwa sakafuni, mdomo wa mpira ukafungwa juu ya gunia, na maji yakakatika pamoja na mlio wa rilei.